Nataka kibanda changu cha video kihamie kwenye simu. Nahitaji leseni gani?

"Mjomba aliniachia kibanda cha video hapa Arua. Tunaonyesha filamu zilizotafsiriwa na VJ, yaani yule anayeisimulia filamu kwa maikrofoni, nyingine kwa Kiswahili kwa ajili ya wateja wanaovuka kutoka Kongo, na Jumamosi tunaweka mpira. Kiingilio ni shilingi 1,000. Wateja wanapungua, vijana wote wako kwenye simu. Nimepata kijana wa kompyuta anayeweza kunitengenezea programu ya kutiririsha filamu, mtu awe analipa kwa simu kila wiki. Rafiki yangu mmoja anasema nikithubutu bila leseni ya UCC nitafungwa. Wa pili anasema Netflix hawana leseni Uganda na hakuna anayewagusa, kwa hiyo nami niendelee tu. Wa tatu ananiambia ningoje, kuna sheria inakuja ya kuzilazimisha kampuni za nje zionyeshe filamu zetu asilimia 70. Nani anasema kweli?"

Ndugu yangu, kila mmoja wa rafiki zako ana kipande cha ukweli mkononi. Bahati mbaya, hakuna hata mmoja aliyekutajia jambo linaloweza kukufungia biashara mapema kuliko mengine yote, nalo ni hili: hizo filamu ni za nani? Nitalifikia. Naanza na leseni kwa sababu naona ndiyo inayokunyima usingizi.

Kwanza nikuulize usichokiuliza. Kibanda chenyewe kina leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, yaani UCC? Sisemi ile karatasi ya biashara unayolipia mjini. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 inagusa pia majumba ya sinema na maktaba za video, na wenye vibanda wengi hawalijui hilo mpaka siku wanapogongewa mlango. Kama mjomba hakuiacha, anzia hapo. Ni vigumu kwenda kwa Tume kuomba ruhusa ya jukwaa la intaneti huku nyumba uliyotoka haina karatasi.

Kwenye intaneti, hali ilianza kubadilika Machi 2018. Tume ilitoa tangazo kwamba wote wanaotoa maudhui kwa umma mtandaoni, yakiwamo magazeti ya mtandaoni, redio na runinga za mtandaoni, waombe idhini. Septemba 2020 ikarudia, safari hii ikiweka tarehe ya mwisho 5 Oktoba. Wengi walidhani matangazo hayo yanawahusu waandishi wa siasa peke yao. Wewe utakuwa unauza picha za video kwa umma, kwa malipo ya kila wiki. Sioni namna ya kujenga hoja kwamba hayakuhusu.

Kwa hiyo rafiki yako wa kwanza hakudanganya: kuendesha huduma inayohitaji leseni bila leseni ni kosa. Alipozidisha ni pale alipofanya gereza liwe ndiyo hatari iliyo karibu zaidi. Silaha nyepesi mkononi mwa serikali ni kuwaagiza watoa huduma za intaneti wafunge mlango. Tumeliona hilo na Facebook, iliyofungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Jukwaa dogo la Arua likizimwa wiki mbili, wateja wako hawatakaa kukusubiri.

Leseni nayo ina masharti yake. Sheria ya 2013 imeweka viwango vya chini vya utangazaji: kipindi kisiende kinyume cha maadili ya umma, kisichochee utamaduni wa vurugu wala chuki za kikabila, hasa mbele ya watoto. Maneno hayo yaliandikwa kwa kuifikiria runinga, ambako filamu ya watu wazima inasogezwa usiku watoto wakiwa wamelala. Kwenye programu yako hakuna usiku. Mtoto akishika simu ya baba saa nne asubuhi, kila kitu kiko wazi. Ndiyo maana mimi ningeweka tangu siku ya kwanza alama ya umri kwenye kila filamu na namba ya siri kwa zile za watu wazima. Ofisa akikuuliza unawalindaje watoto, uwe na kitu cha kumwonyesha.

Sasa Netflix. Walifika kwetu Januari 2016, siku ile walipofungua nchi 130 kwa mkupuo. Hawakusimamisha mnara, hawakuomba masafa, hawakupanga ofisi Bugolobi, Kampala. Sheria ya utangazaji ilizoea kushika vitu vilivyo ardhini: mtambo, studio, mkurugenzi mwenye anwani. Ikikosa cha kushika, serikali inatafuta mkono mwingine, nao ni kodi. Kwanza ilimkamata mtazamaji na mtumiaji: Julai 2018 ikaja ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, ikafutwa Julai 2021 na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando. Kisha, kuanzia Julai 2023, ikazifikia kampuni zenyewe: asilimia 5 ya mapato ghafi ambayo kampuni ya nje inayapata Uganda kwa huduma za kidijitali. Kuna pia VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna anayewagusa. Wanaguswa mfukoni.

Lakini kodi haikupi wewe kinga yoyote. Tofauti yako na Netflix ni mlango. Wao hawana mlango Arua wa kubishwa hodi. Wewe unao, na namba yako ya simu imeandikwa juu yake kwa rangi.

Rafiki wa tatu, wa asilimia 70, ndiye ninayemwonea huruma, maana anachokisema kina chimbuko. UCC imekuwa ikizitaka runinga zetu zijaze asilimia 70 ya saa zenye watazamaji wengi kwa vipindi vya nyumbani. Hiyo ni kanuni ya runinga, na kuihamishia kwenye jukwaa la kutiririsha si rahisi kama watu wanavyodhani. Runinga ina saa 24 kwa siku, hivyo unaweza kuzipima. Jukwaa halina saa, lina ghala. Unaweza kuweka filamu 1,000 za Uganda chini kabisa ya ghala, mtambo wa kupendekeza ukawaonyesha watu za Korea kila jioni, na bado ukasema umetimiza sharti. Umoja wa Ulaya uliliona hilo. Sheria yao ya 2018 inataka angalau asilimia 30 ya ghala iwe kazi za Ulaya, na inataka pia kazi hizo ziwekwe mahali zinapoonekana. Hiyo sehemu ya pili ndiyo yenye meno, na ndiyo ngumu kuikagua. Tena Ulaya ina watazamaji wengi wenye kulipa. Kampuni haiwezi kuamka asubuhi ikasema inaondoka. Sisi tukibana sana, wanaweza kufunga Uganda na hesabu zao za mwaka zisione tofauti.

Sera yetu ya Taifa ya Utamaduni ilitolewa 2006. Mwaka huo YouTube ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na Netflix walikuwa bado wanatuma diski kwa posta. Kutiririsha walianza 2007. Usitegemee karatasi ya namna hiyo ikuambie chochote kuhusu mtambo wa kupendekeza filamu. Kama ningeulizwa mimi, nisingeanza na asilimia 70. Ningeanza na ile asilimia 5. Kanada, Juni 2024, iliziagiza kampuni kubwa za kutiririsha kutoka nje zichangie asilimia 5 ya mapato yao ya huko kwenye mifuko ya kazi za nyumbani, na kampuni zikakimbilia mahakamani. Namba ni ileile kama yetu, ila yetu inaingia hazina kuu pamoja na kodi ya saruji na sukari. Hakuna senti iliyoandikwa jina la filamu. Hayo ni maoni yangu, na wapo wanasheria wenzangu wasiokubaliana nami.

Kwa vyovyote, usingoje. Filamu ya kwanza ya Uganda kuingia Netflix, kazi ya Loukman Ali, iliingia Desemba 2021 bila sheria yoyote ya kuilazimisha kampuni. Na Januari 2024 Amazon walisimamisha kutengeneza kazi mpya Afrika, bila sheria yoyote ya kuwazuia. Mambo hayo yanaamuliwa mbali na Arua.

Tufike sasa kwenye filamu zenyewe.

Sanaa ya VJ ni yetu, na mimi ni mmoja wa waliolelewa nayo. Mtu ameshika maikrofoni, filamu ya Hong Kong inapita mbele yake, naye anamgeuza jambazi kuwa kijana wa mtaa wa Kisenyi, Kampala, anamtania mteja aliyechelewa kuingia, anatabiri nani atakufa. Ukimsikia VJ mwenye Kiswahili chenye ladha ya Bunia, kule Kongo, akimsemesha mwigizaji wa Kihindi, unajua hiyo ni kazi ya ubunifu. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006 haikatai ubunifu huo. Inachosema ni kwamba haki ya kuruhusu tafsiri, na haki ya kuisambaza kazi kwa umma, ni ya mwenye filamu. VJ amepaka rangi ukuta wa nyumba ya mtu. Rangi ni yake kweli. Nyumba si yake, na hawezi kuipangisha. Kwa hiyo hata VJ wako akikupa barua yenye muhuri kwamba amekuuzia tafsiri zake 300, amekuuzia rangi.

Utaniuliza mbona vibanda vimeonyesha filamu hizo miaka yote na hakuna aliyefika. Kibandani filamu inapita na kuisha. Taa zikiwashwa, kilichobaki ni viti. Programu inaacha alama: orodha ya filamu, tarehe ziliwekwa lini, nani alilipa na kiasi gani. Ni daftari la ushahidi unalojiandikia mwenyewe na kuliacha wazi dunia nzima ilisome. Sheria ya 2006 iliweka adhabu ya faini hadi shilingi milioni 2, au kifungo hadi miaka 4, au vyote viwili. Lakini kabla hata ya mahakama, mwenye filamu hahitaji kupanda basi kuja Arua. Anamwandikia barua pepe mwenye seva, na mwenye duka la programu, na kampuni inayokukusanyia malipo ya simu. Hao watatu hawana sababu ya kukutetea. Ukiweka filamu hizo YouTube, maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanatosha kuua chaneli. Na mpira wa Jumamosi usiuguse kabisa kwenye programu. Wenye haki za ligi za Ulaya wana watu ambao kazi yao ya kutwa ni kuwinda matangazo hayo yakiwa hewani.

Je, VJ afe njaa? Hapana, ila abadilishiwe filamu. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliitoa filamu yake ya mapigano ya 2010 ikaenea duniani kupitia YouTube ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, na watu wa Marekani wasiojua neno la Kiganda wakaicheka kwa sababu ya huyo VJ. Pale mwenye nyumba ndiye aliyeita fundi wa rangi. Nawe unaweza kufanya hivyo. Watafute watengenezaji wa eneo lenu la West Nile, wa Gulu, wa Kampala. Watafute Watanzania, filamu zao tayari ziko kwa Kiswahili na wateja wako wa ng'ambo ya mpaka wanazielewa bila mkalimani. Filamu kongwe nazo zipo, maana sheria yetu inailinda filamu kwa miaka 50 tangu itengenezwe au itolewe kwa umma. Ila kuwa mwangalifu: nchi nyingine zina miaka mingi zaidi, na duka la programu linafuata sheria ya kwao. Hilo usiliamue peke yako.

Ruhusa iwe ya maandishi, na hapa ndipo naomba usome polepole. Ruhusa ya kuonyesha kibandani haikupi haki ya intaneti. Mtayarishaji anaweza kuwa ameshaiuzia runinga haki zote za kidijitali bila kujua alichotia saini. Nimeziona karatasi za namna hiyo, za kurasa mbili, zilizotiwa saini juu ya boneti ya gari. Kwa hiyo mwombe akuonyeshe mkataba wake wa awali. Mkataba wenu useme ni nchi zipi, maana wateja wako wako Kongo na pengine Sudan Kusini, na "Uganda" peke yake haitoshi. Useme ni miaka mingapi, kama VJ anaruhusiwa kuweka sauti, na kama malipo ni ya mkupuo au mgawo wa kila mwezi. Muulize na muziki ulioko ndani ya filamu ni wa nani. Hakimiliki inazaliwa pamoja na kazi, haihitaji kusajiliwa, lakini cheti cha URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kinasaidia sana pale watu wawili wanapodai filamu moja.

Kuhusu ukaguzi wa filamu nitakuwa mfupi. Sheria ya Magazeti na Wanahabari ya 1995 inalipa Baraza la Habari kazi ya kukagua filamu, kanda za video na michezo ya kuigiza kwa ajili ya umma. Iliandikwa zama za kanda, lakini meno bado yapo: 2017 Baraza lilizuia filamu moja ya Kiholanzi isionyeshwe kwenye tamasha Kampala. Sheria ya kupinga ponografia ya 2014 ilipunguzwa nguvu na Mahakama ya Katiba Agosti 2021, kwa hiyo anayekutisha kwayo leo hajasoma hukumu. Sheria dhidi ya ushoga ya 2023 nayo ina kosa la "kukuza", linalogusa wanaochapisha na kutangaza, na adhabu zake ni nzito hata kwa kampuni. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya sheria hizi, mimi pia ninayo, ila mwenye ghala la filamu lazima azijue. Filamu ukiona ina utata, iombee ukaguzi kabla, au iache.

Sasa tupime njia zako kwa haki. Programu yako mwenyewe ndiyo inayokupa uhuru mkubwa na ndiyo inayokula fedha. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula hadi takriban GB 1. Filamu ya dakika 90 mteja wako anaweza kumaliza GB 1.5 kabla hajakulipa wewe hata senti, na humo ndani ya bando mna ule ushuru wa asilimia 12. Kisha ulinganishe na shilingi 1,000 ya mlangoni. Ndiyo maana siamini kwamba kibanda kimekufa. YouTube inakuondolea gharama ya seva: ukifikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 unaweza kuanza kupata mgawo wa matangazo, asilimia 55 kwa video ndefu, na Marekani hukata asilimia 30 ya kile kilichotokana na watazamaji wa kwao. Kwa filamu za Kilugbara, lugha ya hapo Arua, usitarajie utajiri.

Kuna njia ya katikati ambayo ningeijaribu kwanza mimi. Weka seva ndogo ndani ya kibanda chako, yenye filamu ulizopewa ruhusa. Mteja anakuja na simu yake, analipa, anapakua kupitia Wi-Fi yako bila kugusa bando, anaondoka nayo akatazame kwake. Bado ni usambazaji, kwa hiyo mambo yote ya hakimiliki na leseni niliyoyasema yanabaki palepale. Lakini unajifunza watu wananunua nini kabla hujaingia deni la kutengeneza programu.

Ukikusanya malipo kwa simu, pitia kampuni yenye leseni ya malipo chini ya sheria ya 2020. Usianze kuwashikia watu fedha kwenye laini yako binafsi. Na kwa kuwa utahifadhi majina na namba za wateja, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakutaka ujisajili.

Lini umwone wakili ana kwa ana? Kabla ya kutia saini mkataba wa kwanza wa filamu, si wa kumi. Siku utakapopata barua ya Tume au ya mtu anayedai filamu: usimjibu kwa hasira, usifute kitu, ichukue barua na orodha ya filamu zako umpelekee. Na pia kama utaamua kuuza huduma Kenya au Tanzania, kwa sababu wale wana bodi zao na ada zao. Tafuta wakili anayeshughulikia mali bunifu, si yule wa viwanja tu. Usajili na maswali ya hakimiliki unaweza kuanzia ofisi ya URSB ya Arua bila kusafiri. Kwa leseni, andikia UCC barua ukieleza huduma yako kwa lugha ya kawaida, uliza ni aina gani ya idhini inayokufaa, na utunze nakala yenye muhuri wa kupokewa.

Na yule kijana wa kompyuta, kabla hujampa malipo ya awali, muulize akaunti ya seva na ya duka la programu zitafunguliwa kwa jina la nani. Akisema lake, mwambie asubiri muandikishane kwanza.